Tulichora kasa, watoto wakachora bomba: picha za mtaroni na maji ya Msimbazi

#1 Mwanabonde
Wakuu salaam. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu hakuna ubaya.

Mimi nakaa bondeni upande wa Tabata, kutoka kwetu mpaka mto Msimbazi ukibeba ndoo kichwani unafika hujachoka. Kwa msioujua, mto unaanzia huko milima ya Pugu na Kisarawe, unalikata jiji katikati, Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, unamwaga baharini pale daraja la Salander. Kilomita kama 35 tu lakini ukiangalia maji yanavyoingia na yanavyotoka utadhani umezunguka dunia nzima.

Mwaka jana ikaja NGO moja, jina siliweki, na mradi wa sanaa na mazingira. Wakaingia ubia na serikali ya mtaa, shule ya msingi ya hapa na sisi wachoraji wa mtaani watatu. Mimi kazi yangu mabango, ukiona duka limeandikwa "Mangi leo cash kesho mkopo" au bajaji ina simba mwenye miwani nyuma jua kuna uwezekano ni mkono wangu. Sasa wale jamaa walikuja na dizaini imeshaprintiwa kabisa: kasa, pomboo, matumbawe ya pinki, mtoto anakumbatia dunia, chini yake "Tunza Mazingira Yakutunze". Hiyo ikachorwe ukuta wa mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Nikauliza kasa wa wapi jamani, huku mnyama wa majini tunayemjua ni chura, na vyura wenyewe ni wale jamaa wa kutapisha vyoo usiku, yaani kufungulia kinyesi kiende mtaroni mvua ikinyesha. Wakacheka wakadhani natania.

Lakini kabla ya ukuta kulikuwa na siku moja ya watoto, wamepewa karatasi na kalamu za rangi, wakaambiwa chora maji ya mtaani kwako. Binti mmoja wa darasa la tano akachora nyumba, usiku, mvua, halafu bomba jeusi linatoka chooni linaingia mtaroni, pembeni mtu ameshika tochi. Wa pembeni yake akaona akachora la kwao. Baada ya nusu saa darasa zima lina bomba. Mwalimu alicheka kwanza halafu akanyamaza. Dada wa NGO akauliza hili bomba ni nini, mtafsiri wao akamwambia ni bomba la maji ya mvua. Mimi nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu.

Basi kasa wakachorwa, tisheti zikagawiwa, soda, droni ikapita juu, mgeni rasmi akaongea, wakaondoka. Rangi ikabaki. Jumapili yake sisi na wale watoto tukashuka chini kidogo, ukuta wa ng'ambo uliokuwa mtupu, tukachora mabomba yao. Watoto walipita wanayahesabu wenyewe wakapata 14, tukaweka 14, kila moja pale pale linapotokea kweli. Hakuna jina la mtu, hakuna namba ya nyumba. Hata maandishi hatukuweka. Jumanne asubuhi tunaamka ukuta umepakwa chokaa wote, kazi ya usiku hiyo.

Kasa wapo mpaka leo, hakuna aliyewagusa, na chini yao makopo yanaelea kama kawa na maji yana rangi ya supu ya utumbo. Kwa hiyo swali langu wakuu, ipi kati ya hizo mbili ndiyo picha iliyofanya kazi?

#2 Kijana wa Mbagala
Nakaa siti ya mbele kabisa. Uzi bila picha lakini ni porojo mkuu, tupia.

#3 Mwanabonde
Hizo za mabomba sina ruhusa ya kuzitupia mkuu, watu watatambua nyumba zao. Za kasa nenda kwenye ripoti ya NGO zimejaa.

#4 Tusidanganyane
Mimi nitakuwa mkali kidogo mniwie radhi. Hizi sanaa za mazingira nimeziona toka niko sekondari. Ngonjera, igizo, ukuta, wimbo. Mtu anatapisha choo sio kwa sababu hajui ni kibaya, angekuwa hajui asingesubiri usiku na mvua. Anajua vizuri kuliko huyo aliyekuja kumuelimisha. Hana hela ya gari la kunyonya au gari haliingii uchochoroni. Sasa unamchorea bomba lake ili iweje? Ungechukua hela ya droni na soda ukanyonya vyoo vitano vya mtaa ningekuvulia kofia.

Halafu tukumbushane kuna mradi mzima wa bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, watu wamelipwa fidia wamehama. Mambo ya hela ndefu ndiyo yatamaliza, sio brashi.

#5 Fundi Majitaka
Naomba niingie kama mtu wa fani maana kuna kitu watu wengi wanachanganya. Mtaro wa mvua na bomba la majitaka ni vitu viwili tofauti. Kinachoingia kwenye mfumo wa majitaka au kubebwa na gari la kunyonya kinatakiwa kiishie kwenye mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti. Kinachoingia mtaroni hakisafishwi na mtu yeyote, kinakwenda mtoni moja kwa moja na baharini. Na sehemu kubwa ya Dar haijaunganishwa na mfumo wa majitaka, ni vyoo vya shimo na makaro, kwa hiyo lazima kuna siku kimejaa na lazima kiende mahali.

Sasa angalia hizi picha za kampeni, karibu zote zinachora chupa na mifuko. Ni kwa sababu kopo linaonekana, kimelea hakionekani. Kopo kazi yake mbaya ni kuziba kalavati, maji yanarudi nyuma yanaingia ndani kwa watu. Lakini yale maji yaliyorudi yangekuwa ya mvua tupu ungedeki ukalala. Kinachokulaza wodini ni kile kilichotapishwa humo. Kipindupindu cha 2015 kilianzia hapa hapa Dar mwezi wa nane kikaenda nchi nzima. Kwa maana hiyo yule mtoto wa darasa la tano kwa utaalamu amewazidi waliochora kasa, amechora chanzo chenyewe.

Jingine, mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo chafu kuliko zote, inasomba kila kitu kilichokaa barabarani na mtaroni miezi, mafuta ya gereji, mavi ya mifugo, takataka. Kama mnataka ukuta usomwe umalizeni kabla ya vuli, sio mwezi wa sita mtaro umekauka watoto wanachezea mpira humo.

#6 Mzee wa Jangwani
Vijana, mimi niliukuta huo mto ukiwa na kambale. Tulikuwa tunatega, tunafua, wakubwa wanaoga upande wa juu wanawake upande wa chini. Bustani za mchicha zilikuwepo na bado zipo, ila siku hizi mke wangu akitoka sokoni namuuliza mchicha huu wa wapi kwanza. Wataalamu walishapima mboga za bonde hili toka miaka ya tisini wakakuta madini ya risasi na mengine mabaya, viwanda navyo vina mkono wake, msiwaonee wenye vyoo peke yao.

Desemba 2011 maji yalipokuja niliokoa redio na cheti cha ndoa. Watu wengi walikufa, serikali ikatuhamishia Mabwepande, wengine wakaenda, wengine wakarudi bondeni kwa sababu kibarua kiko mjini. Mimi sijui sanaa, ila nawaambia ile alama ya maji ukutani, ule mstari wa tope unaobaki baada ya mafuriko, kila mtu aliyekaa Jangwani anaujua bila kuelezwa. Hiyo ndiyo ingechorwa.

#7 Kijana wa Mbagala
Shikamoo mzee. Redio na cheti cha ndoa dah, mama alifurahi bila shaka.

#8 Mzee wa Jangwani
Marahaba. Aliuliza kwa nini redio imetangulia.

#9 Mama Nasra
Mimi nina nyumba bondeni, wapangaji sita, na nimesoma huu uzi mpaka moyo unanienda mbio maana ni kama mnanisema. Naomba mnisikilize na mimi.

Huku kwetu maji ya ardhi yako juu, masika ikianza shimo linajaa lenyewe hata usipoingia mtu. Nimelinyonyesha mwezi wa pili mwezi wa nne limejaa tena, ni maji ya chini yanaingia. Gari la kunyonya haliingii uchochoro wetu, bomba lao halifiki, ukiwaita wanakuja wanaangalia wanadai hela ya mafuta wanaondoka. Wapangaji ukiwaambia tuchangie wanasema mama kodi nimeshalipa choo ni cha kwako. Sasa mvua ikija usiku na choo kimefika mlangoni wewe ungefanya nini mwenye brashi?

Na kama mnachora mabomba yetu mchoreni na anayekusanya hela ya taka kila mwezi na guta la kuzoa taka lisipite wiki tatu. Hilo mbona hamkulichora, au mliogopa maana ndiye aliyewapa ukuta?

#10 Mwanabonde
Mama Nasra shikamoo. Umenipiga pale penyewe na sina jibu la haraka. Ni kweli ukuta tuliombea mtaani na ni kweli hilo la guta watoto wawili walilichora kwenye karatasi, limesimama kwenye kona limejaa mpaka juu na inzi, sisi wakubwa ndio hatukulipeleka ukutani. Tuliogopa.

#11 Msee wa Eastlando
Sasa ndugu zetu wa Dar. Mkilia na Msimbazi kujeni muone Nairobi River. Jina lenyewe la mji ni la Kimaasai maana yake maji baridi, sahi ni maji meusi na ina povu. Inatoka Ondiri huko Kikuyu ikiwa safi, inapita tao, Gikomba, Korogocho, Dandora, inaokota kila kitu, halafu inaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga baharini karibu na Malindi. Kwa hivyo mtu wa Malindi anaokota kwa bichi kitu yenye mtu wa Gikomba alitupa na hawajawahi patana.

Story ya sanaa tunayo kibao. Korogocho hapo kuna vijana wa Komb Green, ukingo wa mto ilikuwa jaa, walizoa wenyewe na spade wakapanda miti ikakuwa park. Hao naheshimu kwa sababu walianza na spade. Lakini pia nimeona zile zingine, unapata mural ya maji ya bluu kwa ukuta na nyuma ya ukuta bomba ya sewer imepasuka miaka miwili. Halafu kuna ile ya sanamu za kandambili, Ocean Sole, hiyo ilianza na watoto wa Kiunga wakitengeneza toys na patipati zilizotupwa na bahari, mama mmoja wa mambo ya bahari akaona akafanya ni biashara miaka ya tisini mwishoni, sahi wanatengeneza ndovu na twiga kubwa kubwa za rangi, zinauzwa mpaka majuu. Kazi safi, watu wamepata job. Swali yangu ni moja, msee wa Kariobangi mwenye anamwaga taka kwa mto ameonea wapi hiyo twiga? Iko kwa lobi ya hoteli.

Na serikali yetu nayo 2025 wamezindua kusafisha mto kwa shilingi bilioni 50. Tunangoja. 2024 baada ya mafuriko ya Aprili na Mei wenye walikuwa mita 30 kutoka mto walibomolewa manyumba, hao walikuwa wanajua mto vizuri kuliko mtu yeyote, hakuna mtu aliwauliza hata wachore mstari.

#12 Tusidanganyane
Twiga iko kwenye lobi ya hoteli hahaaa, umemaliza mkuu.

#13 Bint wa Langoni
Msiseme vyote havifiki kwa watu. Mimi niko Lamu. Ile Flipflopi mmeisikia, jahazi la plastiki? Fundi wake mkubwa ni Ali Skanda, wa hapa hapa. Urefu mita 9, limetumia kama tani 10 za plastiki iliyookotwa, mbao zake zote zimeyeyushwa kutoka kwa plastiki halafu mafundi wakazichonga kwa tezo na msumeno kama mti, nje likavikwa kandambili 30,000 za kila rangi. Lilishushwa Septemba 2018, mwanzoni mwa 2019 likatia tanga mpaka Unguja, kama kilomita 500, linasimama kila bandari.

Mimi nilikwenda kuliona likiwa bado linajengwa. Wazee wa hapa walikuwa wakilicheka, walisema litayeyuka juani. Na ndio raha yake, watu walibishana. Mtu wa Lamu ukimwonyesha bango hasomi, ukimwonyesha chombo cha bahari hata mtoto atakwambia kasoro yake. Hilo lilisemeka kwa lugha yetu. 2021 walipeleka chombo Ziwa Victoria pia, Kenya, Uganda na Tanzania. Na nyuma ya jahazi kuna kituo hapa cha kupokea plastiki na kuisaga, vijana wanatengenezea samani. Jahazi peke yake lingekuwa kichekesho cha mwaka mmoja.

Kwa hivyo wewe Mwanabonde nauliza, huko kwenu bondeni chombo chenu ni nini? Kitu ambacho kila mtu anakijua akikiona?

#14 Mwanabonde
Swali zuri dada. Bila kufikiri sana ningesema ndoo na tochi.

#15 Brashi ya Baiskeli
Naongea kama mchoraji, nimekulia kwenye tingatinga. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya hardboard, kina sisi tumerithi hivyo hivyo, rangi inang'aa haina shida. Lakini rangi hiyo kwa ukuta wa mtaro ni kosa mara mbili.

Kosa la kwanza ukuta wa mtaro unavuta unyevu toka nyuma, udongo umeloa mwaka mzima. Rangi ya mafuta inaziba, unyevu unaisukuma kwa ndani, miezi sita inatoka magamba na yale magamba yanaanguka wapi? Humo humo mtaroni. Kosa la pili nalo watu hawalisemi, brashi mnaoshea wapi? Nimefanya hizi kazi za ubia nyingi tu, siku nzima tunachora "usitupe taka mtoni" saa kumi na moja jioni vijana wanasuuza brashi kwa thina na wanamwaga palepale chini ya picha. Kopo tupu nalo linasukumiwa humo. Nilimwambia bosi mmoja wa mradi akasema ni kidogo tu. Ni kidogo kweli, kila mtu mtaani anamwaga kidogo tu.

Tumieni rangi ya maji, ndoo ya kusuuzia iwe moja, iacheni usiku rangi itulie chini, maji ya juu yapungue, tope la rangi lianikwe liende dampo na taka nyingine. Na kuhusu chokaa, aliyewapaka usiku amewafanyia praima ya bure, ile rangi ya kutangulia. Chokaa inapumua, ukuta wenye unyevu inaupenda. Pigeni mswaki iliyolegea, chorani juu yake.

#16 Kijana wa Mbagala
Mwenye bomba katoa praima hahahaaa. Jamani huyu apewe cheti na tisheti.

#17 Mbongo Baltimore
Wakuu nawasoma toka huku Marekani, jimbo la Maryland, mwaka wa tisa sasa. Kuna kitu cha kwenu kujifunza na kuna cha kutojifunza.

Huku Baltimore kuna mto unaitwa Jones Falls unaingia bandarini katikati ya mji, na toka 2014 mdomoni kwake wameweka mtambo wa kuzoa taka, gurudumu linazungushwa na mkondo wa maji wenyewe pamoja na umeme wa jua, taka zinapanda kwenye mkanda zinaangukia kwenye dampsta, yaani kontena kubwa la taka. Mtambo wa kawaida tu. Ila wakauwekea macho mawili makubwa ya katuni, wakauita Mr. Trash Wheel, una akaunti zake unaongea utani, watoto wana vinyago vyake. Siku moja walikuta chatu mzima amekaa juu yake, mji mzima ulikuwa hauna habari nyingine. Sasa yapo manne, kila moja na jina lake.

Kilichonivutia sio macho. Kila dampsta ikijaa wanakadiria kilichomo, chupa ngapi, vyombo vya povu vya chipsi vingapi, vichungi vya sigara vingapi, wanaweka hadharani. Mwaka 2018 mji ulipopitisha sheria ya kuzuia vyombo vya povu hizo hesabu zilikuwa mezani, na mtu wa kiwanda hawezi kubishana na dampsta. Macho yaliwaleta watu, lakini kitu cha kuwapa wakishafika kilikuwepo.

Cha kutojifunza: watoto wa shule huku wanachora samaki na kaa pembeni ya matundu ya mitaro barabarani, kukumbusha kwamba yanaenda ghuba ya Chesapeake. Nzuri sana. Lakini mji huu huu uko chini ya amri ya mahakama toka 2002 kwa sababu majitaka yanafurika kwenye mito yake, na mpaka leo mvua kubwa ikinyesha tunaambiwa msiguse maji. Kaa wa rangi hazibi bomba. Hapo Tusidanganyane yuko sahihi.

#18 Fundi Majitaka
Sahihi kabisa. Na niongezee jibu la Mama Nasra maana hakujibiwa. Mama, kwa nyumba kama yako ambako gari haliingii kuna pampu ya mkono, watu wanaiita galpa, vijana wawili wanavuta tope wanaweka kwenye madumu, pikipiki ya matairi matatu inabeba mpaka panapopokelewa. Haimalizi maji ya ardhi, hilo dawa yake ni kuinua choo juu na kujengea shimo lisipitishe, na hiyo ni gharama kweli. Ila inatoa lile zito la chini ambalo ndilo hatari. Ulizia vikundi, siku hizi vipo mitaa mingi ya bondeni. Bei mnakubaliana kwa dumu, hulipi mzigo wa gari zima. Hakikisha tu unajua wanapopeleka, wengine nao wanamwaga kona ya pili.

#19 Mama Nasra
Asante mwanangu, hiyo ya kulipa kwa dumu sikuwahi kuambiwa. Hao wa mradi walikaa mtaani wiki mbili na hakuna aliyeitamka.

#20 Tusidanganyane
Mwanabonde sijamalizana na wewe. Umesema mabomba 14 na wewe ni mkazi wa hapo hapo. Karo la nyumba unayokaa linaenda wapi?

#21 Kijana wa Mbagala
Duh.

#22 Tusidanganyane
Yuko onlaini namuona. Kimya.

#23 Mwanabonde
Nipo. Bomba la kwanza kwenye ukuta, la karibu na daraja, ni la kwetu. Mimi ni mpangaji, chumba na sebule. Na aliyepaka chokaa ni baba mwenye nyumba wangu, hilo nililijua Jumanne ileile kwa sababu ndoo yake ilikuwa bado inadondoka uani na hatukuongea. Nilichora bomba la kwetu la kwanza makusudi ili wengine wasiseme nawaonea, halafu nikashindwa kumwambia mzee wa watu usoni kwamba ni mimi. Miaka minne nakaa pale, mvua ikinyesha usiku nasikia kamba ya ndoo na nageukia ukutani nalala. Hiyo ndiyo hali halisi, sasa nitukaneni.

#24 Msee wa Eastlando
Hakuna matusi buda. Angalau umesema. Wengi wetu tunakuwanga hiyo side ya kugeukia ukuta.

#25 Mzee wa Jangwani
Nenda kaongee naye. Usiende na brashi. Nenda baada ya swala ya isha, mkute amekula, uanze na habari za watoto. Na uwe na hela yako mkononi hata kama ndogo, mwenye nyumba akiona mpangaji ametangulia kutoa anaona haya kukataa.

#26 Mwanabonde
Nashukuru mzee wangu. Naenda wiki hii.

#27 Mwanabonde
Wakuu mrejesho, wiki tano zimepita mniwie radhi.

Nilienda. Mzee alijua zamani kuwa ni mimi, mkono wangu anaujua maana ndiye niliyemwandikia "Nyumba hii haiuzwi" mlangoni. Hakuniambia lolote kuhusu chokaa na mimi sikuuliza. Tukahesabu, vyumba vitano, kila chumba kikatoa, yeye akatoa sawa na sisi wote tukijumlishwa, tukawaita vijana wa galpa, wametoa madumu siku nzima na mtaa wote umesimama unaangalia kama kuna mpira. Hapo ndipo nikaelewa alichosema dada wa Lamu. Watu walikuwa wanauliza bei. Wanauliza mnapeleka wapi. Hakuna aliyewahi kuwauliza kasa swali.

Ukutani juu ya chokaa tumechora upya na watoto, rangi ya maji, ndoo moja ya kusuuzia. Mabomba yote 14 yamerudi, yaliyo wazi meusi, yakifungwa tunalipaka kijani. Letu la kijani. Juu yake dumu, pikipiki ya matairi matatu, na njia yake mpaka linapomwagwa, maana watu wanataka kujua. Mstari wa tope wa 2011 tumeuweka pia, mzee mmoja jirani alisimama akatuonyesha kwa mkono ulifika wapi, tulipopima ulimpita kichwa. Na guta la taka tumelichora Mama Nasra, limesimama, na inzi wake. Mwenyekiti amepita amelitazama, amesema inzi wamezidi. Wiki hiyo guta limepita mara mbili, sijui kama linahusiana.

NGO wameniandikia wanaomba picha za ukuta mpya kwa ripoti yao. Sijajibu.

#28 Tusidanganyane
Nilikuwa mkali. Nimekubali nusu. Nusu nyingine nasubiri masika.

#29 Mama Nasra
Hao vijana wa galpa nitumie namba yao inboksi. Na bomba langu msilipake kijani mpaka niseme mwenyewe.

#30 Mwanabonde
Masika imefika jana wakuu. Saa nane usiku mvua ya maana, nimetoka na tochi na mwamvuli uliovunjika. Letu kavu. La tano kavu. La tatu kutoka daraja linamwaga kama kawaida, la nane na la tisa pia, harufu huwezi kukosea hata kwenye mvua. Nikiwa nimesimama pale kwenye la tisa mtu akanimulika kwa juu na tochi yake akauliza nani huyo, nikajibu mchoraji. Akazima tochi.

Asubuhi nataka nipake nyeusi upya, mvua imechuja. Nina robo kopo imebaki ila ni ya mafuta. @Brashi ya Baiskeli nisitumie eti?

#31 Brashi ya Baiskeli
Usitumie. Ninayo nyeusi ya maji nusu lita, nitapita Tabata saa nne. Subiri ukuta ukauke kwanza.